Kabla ya Kununua Vyombo vya Kurekodia

Kijana wako akitaka kurekodi nyimbo nyumbani, usimvunje moyo. Lakini fedha ya mavuno isipotee bure.

Kwanza, tengenezeni chumba. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi. Tundikeni mablanketi mazito, simamisheni godoro ukutani. Mvua ikipiga bati, ngojeni.

Pili, kipaza sauti. Kile cha kondensa husikia mno, hata jogoo wa jirani, tena kwa kawaida hudai umeme wa volti 48 kutoka kisanduku kinachokiunganisha na kompyuta. Kile cha dainamiki, kama Shure SM58 iliyotolewa mwaka 1966, hakihitaji umeme huo, ni kigumu, na hupokea hasa sauti iliyo mbele yake. Kwa mwimbaji mmoja katika nyumba yenye kelele, hicho chafaa zaidi.

Tatu, hedifoni zenye kufunika masikio. Programu ya Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, haina bei.

Spika kubwa zaweza kungoja. Wazee wanaojua nyimbo zetu za zamani hawatangoja. Basi, waanze wao kurekodiwa, na kila wimbo uwekwe nakala mbili, mahali pawili.