Kuyarudisha Yaliyopita Mahali Pake

Kumbukumbu ya tukio la kutisha haifanani na kumbukumbu nyingine. Anayekumbuka harusi ya miaka kumi iliyopita anajua kwamba harusi ile imekwisha. Aliyeponea chupuchupu vitani au katika ajali ya basi, au aliyebakwa, anaweza kuona tukio lake likitendeka upya: moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, harufu ya siku ile inamjia puani. Kwa dakika hizo mwili wake haujui kwamba hatari imepita.

Chanzo cha hali hiyo ni namna ubongo unavyofanya kazi unapokabwa na hofu kubwa. Sehemu iitwayo amigdala, inayotambua hatari, huyanasa kwa nguvu yaliyoonekana, yaliyosikika na yaliyonuswa. Hipokampasi, ambayo husaidia kulipa tukio mahali na wakati wake, huzidiwa. Hubaki vipande vya hisia visivyo na tarehe, na mlio wa tairi lililopasuka, wimbo au hata mwezi fulani wa mwaka hutosha kuviamsha. Nchini Rwanda maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 huanza kila 7 Aprili, na kila mwaka wapo manusura wanaoshikwa na kiwewe siku hizo. Washauri nasaha huwekwa tayari kuwapokea.

Watu wengi hujaribu kusahau kwa nguvu. Mmoja hukwepa barabara ile, mwingine haendi tena sokoni, mwingine hukimbilia pombe. Jamaa nao huwaambia kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo inafaa kusuluhisha ugomvi. Kwa mwenye kiwewe yaliyopita ni ndwele hasa, na yanahitaji kugangwa. Nako kujilazimisha kusahau hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe. Wakashindwa. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo.

Ushauri wa kuishi katika wakati uliopo umeenea sana tangu 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya utulivu wa akili katika chuo cha udaktari cha Massachusetts. Kwa aliyevamiwa na kumbukumbu, ushauri huo una matumizi ya papo kwa papo: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutoa pumzi polepole, kutaja kwa sauti vitu vilivyo mbele ya macho, kutaja tarehe ya leo na mahali alipo. Mambo haya huonekana madogo, lakini huupa ubongo habari uliyoikosa, yaani kwamba leo si siku ile. Ni huduma ya kwanza tu. Tena wapo ambao kuketi kimya wakiwa wamefumba macho huwazidishia picha za kutisha; hao wasilazimishwe.

Tiba yenyewe hupitia katika kusimulia. Wataalamu wa Ujerumani Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert walibuni njia inayoanza na kamba iliyolazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa. Maua huwekwa penye furaha, mawe penye machungu. Kisha mtu husimulia maisha yake kwa mpangilio, kituo baada ya kituo. Akifika penye jiwe, mshauri humwuliza alichoona na alichohisi wakati ule, halafu humwuliza mwili wake unahisi nini sasa, ndani ya chumba hiki. Huko kwenda na kurudi baina ya zamani na sasa ndiko kunakolipatia tukio tarehe yake. Simulizi huandikwa na kusomwa tena mbele ya mwenyewe.

Njia hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: baada ya miezi kadhaa, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, na vivyo hivyo asilimia 65 ya waliopewa ushauri nasaha wa kawaida; miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba, ni asilimia 37. Tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo. Kubwa ni kwamba jirani aliyefunzwa kusikiliza anaweza kuponya mahali ambapo daktari wa akili hajafika.

Kumbukumbu haifutiki kwa tiba hii, wala huzuni haiishi. Aliyefiwa ataendelea kumlilia mtu wake. Kinachoondoka ni ule uvamizi. Anayeota majinamizi, kushtuka ovyo na kukwepa watu kwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio aende hospitali aombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa akili. Nao wa nyumbani wasimshurutishe kusimulia kabla hajawa tayari, na akianza, wasimkatize.