Linux: Mpaka wa faili 1024 unalinda nini?

Kwa kawaida, programu inayotumika kwenye ordinatere ya Linux haiwezi kufungua zaidi ya faili 1024 kwa wakati mmoja. Kila mtu anayeungana nayo kwa intaneti anahesabiwa pia kama faili. Kwa hiyo serveri yenye watu wengi inafika haraka kwenye mpaka huo, na wanaofuata hawapokelewi, hata kama mashine ingali na nguvu.

Kuondoa mpaka kungeleta hatari. Programu yenye kasoro, inayofungua bila kufunga, inaweza kumaliza memori ya mashine yote. Tena, programu za zamani zinazotumia select haziwezi kuhesabu kupita 1023. Zikipita, zinaharibu memori yao zenyewe.

Mwishoni mwa 2018, watengenezaji wa systemd, inayoanzisha huduma kwenye Linux nyingi, walichagua njia ya katikati: 1024 ilibaki pa kuanzia, lakini programu iliyotayarishwa vizuri inaweza kujiongezea hadi 524,288. Zamani kilele kilikuwa 4096.

Kwa msimamizi ambaye serveri yake inakwama, ni vizuri kuangalia mpaka huo mbele ya kununua mashine nyingine.