Wikendi Ziwani Turkana: Ya kupangwa kabla ya kufunga mizigo

FAMILIA nyingi za mijini zinapotaja mapumziko ya mwisho wa juma, hufikiria Mombasa, Naivasha au Nakuru. Ziwa Turkana ni nadra kutajwa, na sababu yake inaeleweka: liko mbali, joto lake ni kali, na wengi hulijua kupitia habari za ukame na wizi wa mifugo pekee.

Hata hivyo, wanaofika huko hukuta jambo ambalo picha haziwezi kulieleza vyema. Baada ya mwendo mrefu katika mchanga na mawe meusi ya volkano, maji ya kijani hujitokeza ghafla yakiwa yameenea hadi upeo wa macho. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na ndilo kubwa zaidi duniani miongoni mwa maziwa ya kudumu yaliyo jangwani.

Swali ambalo mzazi anafaa kujiuliza ni iwapo safari kama hiyo inaweza kutoshea katika siku tatu bila watoto kuugua na bila akiba ya miezi kadhaa kuteketea barabarani. Jibu ni kwamba inawezekana, mradi ufuo uchaguliwe kwa busara na mipango ianze mapema.

Ziwa lina pande mbili, na tofauti yake ni kubwa. Upande wa mashariki, katika Kaunti ya Marsabit, ndiko kuliko mji wa Loiyangalani, jamii ndogo ya Waelmolo na, kaskazini zaidi, Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi pamoja na Koobi Fora, ambako visukuku vingi vya binadamu wa kale vilichimbuliwa. Ni upande wenye mengi ya kuona, lakini kufika huko kwa gari kutoka Nairobi kupitia Marsabit au Maralal huchukua siku nzima na mara nyingi zaidi. Mwenye wikendi moja atatumia muda wake wote garini. Upande huo uachiwe likizo ndefu ya Agosti au Desemba.

Upande wa magharibi, katika Kaunti ya Turkana, ndio unaofaa wikendi. Ndege za abiria husafiri kutoka Nairobi hadi Lodwar kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ingawa baadhi hutua kwanza mji mwingine. Kutoka Lodwar, ufuo wa Eliye Springs uko umbali wa kilomita 60 na ushei, na kituo cha wavuvi cha Kalokol kiko umbali unaokaribiana na huo. Anayetua Ijumaa asubuhi anaweza kuwa ameketi chini ya mikoma kabla ya jua kutua.

Wapo watakaotaka kuendesha gari ili kuokoa nauli. Kutoka Nairobi hadi Lodwar kupitia Kitale ni karibu kilomita 700, na kwa familia yenye watoto hiyo ni safari ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Isitoshe, kipande cha kati ya Marich na Lokichar, hasa karibu na Kainuk, kimekuwa na mashambulizi ya majangili kwa miaka mingi. Mnamo Februari 2023 maafisa wa polisi waliuawa huko, na serikali ikatuma wanajeshi katika kaunti kadhaa za Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Anayeshikilia kupita huko aulize polisi Kitale au Kapenguria siku hiyo hiyo, asafiri mchana tu, na asitegemee ushauri wa mtu aliyepita mwaka jana.

Kwa sababu hiyo, gharama kubwa zaidi ya wikendi hii huwa ni tiketi za ndege, na ndizo za kununuliwa kwanza. Ndege ndogo huwa na masharti ya mizigo, aghalabu kilo 15 kwa kila mtu, na hupendelea mikoba laini kuliko masanduku magumu. Baada ya tiketi kuna gari la kukodisha Lodwar. Liwe lenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wa eneo hilo. Njia ya kuelekea ufuoni ni mchanga mtupu mahali pengi, na miiba ya mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuvamia malisho, hutoboa tairi bila huruma. Mzazi athibitishe kwa macho yake kwamba gari lina tairi mbili za akiba.

Pesa taslimu zitolewe Lodwar, ambako kuna benki na mawakala wa M-Pesa. Ufuoni mtandao wa simu hupotea na kurudi upendavyo.

Kuhusu joto, hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa kudhani kwamba waliozoea Mombasa wamezoea jua. Lodwar hufikia nyuzijoto 35 za Selsiasi karibu kila siku ya mwaka, na tofauti na Pwani, hewa yake ni kavu. Jasho hukauka kabla ya kuonekana, hivyo mtoto anaweza kupoteza maji mengi mwilini huku ngozi yake ikionekana kavu na yeye akiendelea kucheza. Dalili za kwanza ni mkojo wa rangi nzito, midomo mikavu na ukimya usio wa kawaida. Mtoto aliyekuwa akikimbia kisha akaketi kando bila kusema neno hajachoka tu. Apelekwe kivulini, anyweshwe maji kidogo kidogo na apepewe.

Kipimo cha kupangia ni lita nne au tano za maji kwa siku kwa kila mtu mzima, na watoto wapewe mara kwa mara bila kungoja waseme wana kiu. Maji hayo yanunuliwe Lodwar. Yale ya ziwani hayafai kunywewa, kwa kuwa yana magadi na madini ya floraidi kupita kiasi. Kisayansi jambo hilo ni rahisi kueleza, na watoto wa shule watalifurahia: mto Omo kutoka Ethiopia huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka ziwani. Maji hupungua kwa kugeuka mvuke pekee, na chumvi hubaki nyuma.

Pakiti za chumvi na sukari za kurejesha maji mwilini, ambazo huuzwa katika kila duka la dawa, zisisahaulike. Aidha, malaria ipo Turkana, kwa hivyo daktari aonwe mapema kuhusu dawa za kinga, na vyandarua vitumike hata kama usiku ni wa upepo. Usubi wa eneo hilo hueneza ugonjwa wa kala-azar, na nge na nyoka huzunguka usiku. Viatu vikung'utwe kila asubuhi, na hakuna mtoto wa kutembea pekupeku gizani hata kama choo kiko hatua kumi. Wenye mtoto mchanga au mama mjamzito wangefanya vyema kuiahirisha safari hii; hospitali kubwa iliyo karibu iko Lodwar, na saa mbili za mchanga si njia ya kukimbiza mgonjwa.

Ratiba ya siku ifuate jua. Matembezi yafanywe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo ni kivuli, kitabu, karata na usingizi, kama wenyeji wenyewe wafanyavyo.

Jambo linalozua mabishano katika kila familia ni kuogelea. Ziwa Turkana lina mamba wengi wa aina ya Naili, na wapo viboko pia. Wageni huwaona watoto wa wavuvi wakiruka majini wakadhani hakuna hatari. Watoto hao wanajua ni wapi mamba huonekana na ni saa ngapi, na hata hivyo wakati mwingine watu hushambuliwa. Sheria iwe moja na itangazwe kabla ya kuondoka nyumbani: hakuna anayetia mguu majini pasipo mwenyeji aliyeonyesha mahali, na jua likizama hakuna anayekaribia ukingo.

Eliye Springs ina jina hilo kwa sababu ya chemchemi za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanayobubujika mchangani katikati ya mikoma. Watoto huyapenda kuliko ziwa. Lakini katika nchi kame kama hiyo, chemchemi ni kisima cha wakazi na mifugo yao kabla ya kuwa burudani ya mgeni, na sabuni haina nafasi hapo.

Ufuo wenyewe si ule ulio katika picha za zamani. Maji ya ziwa yalipanda sana, hasa baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020, yakameza sehemu za ufuo, mikoma na makazi. Upande wa pili, kijiji cha Komote cha Waelmolo kilitengwa na nchi kavu. Kwa hivyo anayeweka nafasi ya malazi apige simu na kuuliza mabanda yako wapi sasa, iwapo kuna umeme wa jua wa kuendesha feni, na chakula huagizwa saa ngapi mapema. Mbuta na ngege hupatikana kwa wingi na ni wabichi. Matunda na mboga huja kutoka mbali, kwa hivyo wenye watoto wachague vyakula wabebe vyao.

Kisha kuna Kisiwa cha Kati, ambacho ndicho kivutio kikuu cha upande huu. Ni mbuga ya kitaifa yenye ukubwa wa kilomita tano za mraba hivi, na kilizaliwa na volkano. Ndani yake kuna maziwa matatu madogo yaliyomo katika vinywa vya volkano hiyo, na mamba hutaga mayai huko. Pamoja na Sibiloi, kisiwa hicho kiliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco mnamo 1997, Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001, na 2018 eneo lote likatiwa katika orodha ya turathi zilizo hatarini kutokana na hofu kuhusu bwawa la Gibe III lililojengwa juu ya mto Omo.

Kufika huko ni kwa motaboti pekee, na hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo. Bonde hili lina upepo mkali kiasi kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa karibu na Loiyangalani. Upepo huo unaweza kuinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi, na wavuvi wamepoteza maisha kwa sababu yake. Jaketi za kujiokolea ziwepo kwa kila abiria, zikiwemo za saizi ya watoto, na zivaliwe kabla ya injini kuwashwa. Nahodha akisema leo haiendeki, asibembelezwe wala kuongezewa pesa. Watoto wadogo, tuseme walio chini ya miaka sita, wabaki ufuoni na mzazi mmoja. Hawatakosa mengi, kwani kupanda kingo za volkano juani si mchezo wa umri huo. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki, hivyo ilipwe kungali na mtandao. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga zote nchini tangu Juni 5, 2020, kwa hivyo maji yabebwe katika vyombo vya kudumu.

Familia itakayozuiwa na upepo bado ina ya kufanya. Kandokando ya barabara ya Kalokol kuna nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo kwa masimulizi ya Waturkana ni watu waliogeuka mawe wakicheza ngoma. Mjini Lodwar kuna nyumba ambamo Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa baada ya kutolewa Lokitaung mnamo 1959. Na kaskazini, huko Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikoona mwaka 1984 kipande cha fuvu kilichofichua mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Huko ni mbali mno kwa wikendi, lakini mifupa yenyewe huhifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na kuwapeleka watoto kujifunza habari zake Jumamosi iliyotangulia safari kutawafanya watazame mchanga ule kwa macho mengine.

Watoto wafunzwe pia kusema "ejoka" wanapokutana na watu, na wazazi waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za kina mama waliovaa shanga. Mwenye kukataa aachwe. Vikapu vilivyofumwa kwa majani ya mkoma vinunuliwe kutoka kwa wafumaji wenyewe, bila kuvutana bei hadi shilingi ya mwisho. Kazi hiyo huleta unga nyumbani pale ukame unapomaliza mbuzi.

Tarehe ikichaguliwa, iangaliwe kwanza kama haigongani na tamasha la Tobong'u Lore la Lodwar, wakati ambapo vyumba na magari huwa adimu, au na miezi ya Aprili na Mei, ambapo mvua ya saa moja tu inaweza kujaza korongo na kukata njia ya ufuoni. Na kwa kuwa ndege ya Jumapili huweza kuahirishwa kwa vumbi au sababu nyinginezo, mzazi mmoja angalau awe ameomba ruhusa ya kutofika kazini Jumatatu.