GEJI HAINA CHEO: TUZILINDE GIABOKSI ZA MALORI YETU

Asafiriye kutoka Bujumbura kwa kufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika huipita Rumonge, kisha huingia katika michikichi ya Nyanza-Lac bila ya kuliona lori lake likitaabika. Barabara huambaa na maji. Lakini baada ya Nyanza-Lac barabara huliacha ziwa na kugeukia milimani kuelekea Mabanda na Makamba. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Makamba uko zaidi ya mita 600 juu ya ziwa hilo. Naye akataye kona Rumonge kwenda Bururi hupanda zaidi ya mita 1,000. Katika miinuko kama hiyo, chini ya mzigo na jua la pwani ya ziwa, ndipo giaboksi ya lori la dizeli inapotiwa majaribuni.

Madereva wengi, wa jeshi na wa polisi, hutazama geji ya maji ya injini, wakaridhika. Hapana budi tuseme wazi kwamba hilo ni kosa. Geji ya maji hueleza hali ya injini peke yake. Oili ya giaboksi yaweza kuungua hali mshale wa maji ungali mahali pake pa kawaida.

Joto hilo hutoka wapi? Katika lori linalobadili gia lenyewe hakuna klachi ya mguu. Kati ya injini na gia kuna chombo kilichojaa oili. Gurudumu moja lenye mapanga huzungushwa na injini na kuirusha oili, na oili hiyo hulisukuma gurudumu la pili, kama vile upepo wa pangaboi moja uwezavyo kulizungusha pangaboi jingine lililoelekezwa mbele yake. Lori likipanda polepole na mzigo mzito, gurudumu la kwanza huenda mbio na la pili hubaki nyuma. Nguvu inayopotea kati yao hugeuka joto. Katika giaboksi ya kawaida, joto huletwa na meno yanayosagana chini ya mzigo, na oili iliyopungua, au hata iliyozidi kipimo ikapigwa mpaka ikatoa povu.

Tutoe mfano wa giaboksi za Allison, ambazo hufungwa katika malori mengi ya kijeshi duniani. Oili iliyo katika tangi la chini la giaboksi huwa salama ikiwa kati ya nyuzi 71 na 93 za Selsiasi; ikipita 121 imezidi. Oili itokayo katika kile chombo cha mapanga, ikiwa njiani kwenda kupozwa, haitakiwi kupita 149. Kwa hiyo dereva na ajue ncha ya geji yake imefungwa wapi, maana namba ileile yaweza kuwa amani mahali pamoja na hatari mahali pengine. Kanuni ya mafundi wengi husema kwamba, juu ya nyuzi 80, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi huukata umri wa oili kwa nusu.

Basi dereva afanye nini? Kwanza, ashushe gia mapema, kabla lori halijaanza kulemewa. Pili, mshale ukifika kwenye mpaka, asimame mahali pa usalama, avute breki, aweke magogo nyuma ya magurudumu, kisha atoe gia na kuiacha injini izunguke mara 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Kwa dakika mbili au tatu joto lapaswa kushuka. Asikimbilie kuzima injini, kwa sababu pampu inayoipeleka oili kwenye kipozeo nayo husimama; ila ikiwa oili inavuja, na azime mara moja. Joto lisiposhuka, safari imekwisha mpaka fundi afike.

Wakati wa kuteremka pia si wakati wa kusahau geji. Malori mengine yana breki ya ziada inayotumia oili hiyohiyo, nayo huipasha moto sana. Tena giaboksi ikifa mteremkoni, injini haiwezi tena kulizuia lori. Mzigo wote huziangukia breki za magurudumu, nazo zikipata moto hulegea. Tufikiri juu ya lori hilo likiwa na askari thelathini nyuma, usiku, katika kona za Makamba.

Hapa tunawageukia wakuu wa misafara. Dereva akisema, "Afande, joto limezidi, naomba kusimama," asikaripiwe kwa kuchelewesha msafara. Geji haina cheo, wala haipokei amri. Dakika tano zilizotolewa kando ya barabara ni rahisi kuliko giaboksi iliyoagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na ni rahisi mno kuliko maisha ya watu.

Kabla ya kuondoka, oili ipimwe. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, ibadilishwe na chanzo kitafutwe. Rejeta ioshwe matope na majani, na mkanda wa feni ukazwe. Mshale usiosogea kabisa si dalili ya afya. Huenda geji imekufa. Mwisho, joto liandikwe katika daftari la gari kila safari, mahali palepale pa mlima na kwa mzigo uleule. Likiongezeka nyuzi 10 bila sababu, lori limeanza kusema kabla ya kuanguka.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya giaboksi huonekana katika geji, na askari aliye macho huyaona mapema.