UZI: Dawa ya sukari unameza wewe. Uamuzi ni wa nani?

1/ Kila kampeni huku Ukambani ni wimbo mmoja. "Hospitali hazina dawa!" "Uongo, tumenunua!" Mwenye kisukari, anayemeza hizo dawa kila siku, haulizwi kitu. Leo tuongee juu yake. Watu wa Kitui na Makueni, sogeeni.

2/ Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya afya. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inaingia ndani zaidi: anayekutibu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama yake. Akueleze pia kwamba unaweza kukataa, na ukikataa nini kitafuata.

3/ Tena kwa lugha unayoelewa, inapowezekana. Kwa hivyo nyanya yako wa Mutomo akiomba aelezwe kwa Kikamba, hasumbui mtu. Ni haki yake.

4/ Mbona nakazania kisukari? Malaria ya kawaida unameza dawa siku 3, umemaliza. Kisukari unaishi nacho. Daktari anakuona dakika chache, halafu hadi kliniki ijayo. Siku zote za katikati, anayeamua ni wewe.

5/ Mfano ninaousikia sana: dawa zimeisha, za kununua ni ghali, mgonjwa anameza kidonge kimoja badala ya viwili. Kliniki ikifika anaona haya kusema. Sukari iko juu, daktari anadhani dawa imeshindwa, anaongeza dozi. Siku mgonjwa akipata dawa zote na kumeza dozi mpya, hasa ikiwa ni glibenklamaidi ama insulini, sukari inaweza kushuka vibaya: jasho, kutetemeka, hata kuzirai. Yote kwa sababu hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema.

6/ Chakula pia. "Acha ugali" si ushauri kwa mtu ambaye shambani ana mahindi na maharagwe tu. Uliza: muthokoi nile kiasi gani, na nini kando? Na kama huna friji na Kibwezi inawaka jua, uliza insulini utaiweka wapi.

7/ Kuna wanaosema: foleni ni ndefu, wahudumu wachache, mgonjwa akianza maswali tutalala hapa. Foleni ni kweli. Lakini dakika mbili za maswali ni nafuu kuliko kitanda cha wodi. Pia tuelewane: kushirikishwa si kuacha dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, anaweza kufa ndani ya siku chache.

8/ Sasa siasa. Hospitali za kaunti na zahanati ni kazi ya kaunti. Sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni serikali kuu. Makueni ilianza MakueniCare 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Kitui ikaja na K-CHIC, shilingi 1,000. Tangu Oktoba 2024 kuna SHA badala ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mtu akipanda jukwaani kulaumu mwenzake, muulize: hii ni ya kaunti ama ya taifa?

9/ Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na wananchi lazima wasikizwe. Kwenye vikao vya umma tunaomba barabara na mabwawa, sawa. Wenye sukari nao waende, waombe kitu kinachohesabika: stripu za kupimia, insulini, dawa za miezi yote 12. "Boresha afya" haihesabiki.

10/ Piga picha haya maswali, tumia mzazi wako:
– Dawa hii inafanya nini, na nikiikosa nifanyeje?
– Kuna njia nyingine? Ni pesa ngapi?
– Tunalenga sukari ngapi, na tunapima tena lini?

Mwisho wa uzi. Kaunti yako wanajibu haya maswali? Niambie hapo chini.