Hadithi za Visiwani Zifike Visiwani

Mwezi wa Septemba mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Ndugu Amil Shivji, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la kimataifa la filamu la mjini Toronto, Kanada. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Oktoba, ilitangazwa kwamba Tunzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka ule amepewa Profesa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Sisi tulio wapenzi wa sinema na vitabu tulipeana mikono mabarazani kama watu waliofungiwa goli la ushindi. Hata hivyo, wengi wetu tulikuwa tukishangilia tusichokiona. Filamu iliyopigwa Unguja, kwa lugha ya Unguja, kutokana na riwaya ya Mzanzibari, ilikuwa imetazamwa na watu wa Toronto, na vitabu vya mwandishi aliyetunzwa vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza na kuuzwa London.

Miaka imepita tangu siku zile, na sasa tumepata nafasi ya kuvitazama na kuvisoma vitu hivyo kwa utulivu. Hivyo tungependa kutoa maoni yetu, tukijua kwamba wapo watakaopingana nasi, na hilo si baya.

Tuanze na filamu. Riwaya ya Ndugu Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, inafahamika vyema na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Ni hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa makamo ambaye angeweza kuwa baba yake. Yasmin anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na mtu anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiyekuwa na mali ila moyo na sauti ya kuimba. Huko ndiko anakojuana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na fikra za kumng'oa mkoloni, ambaye polisi wa Kiingereza hawamwachi apumue.

Kwa maoni yetu filamu hii ni nzuri. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba haina haraka. Kamera inakaa juu ya kuta za Mji Mkongwe, juu ya maji, juu ya uso wa mtu anayesubiri, mpaka mtazamaji anahisi joto na chumvi ya hewa ya pwani. Uzuri wa pili ni Mwajuma. Sehemu hiyo amepewa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, tena wa hapa hapa kwetu, na kila anapotokea filamu hupata damu mpya. Tunathubutu kusema kwamba angepewa nusu saa zaidi asingemchosha mtu. Ikhlas Gafur Vora, aliyecheza Yasmin, amefanya kazi ngumu ya kusema mengi kwa kunyamaza, na Gudrun Columbus Mwanyika amempa Denge utulivu wa mtu aliyekwisha kukata shauri.

Lakini tuna manung'uniko. Riwaya ya Adam Shafi ina utani mwingi. Denge anapowachezea polisi, msomaji hucheka peke yake kama mwenda wazimu, na Koplo Matata, huyo kibaraka mwenye bidii isiyokuwa na faida, ni miongoni mwa viumbe wachekeshaji katika fasihi yetu. Filamu imechagua huzuni na mapenzi, na kicheko kikabaki nje ya mlango. Vile vile siasa imepunguzwa. Katika kitabu tunaelewa watu hawa wanapanga nini, wanabishana juu ya nini, na kwa sababu gani mtu yuko tayari kwenda kifungoni. Katika filamu mambo hayo yapo kama harufu ya kitu kinachopikwa nyumba ya jirani. Kijana wa leo asiyeyajua maisha ya miaka ya 1950 atatoka akijua kwamba Yasmin na Denge walipendana. Kwamba watu maskini wa Ng'ambo walikuwa na hesabu yao na dola ya Kiingereza, hilo huenda asiondoke nalo. Safari za baharini baina ya Unguja na Mombasa, ambazo katika riwaya ndizo zinazoonyesha upana wa dunia ya watu wetu, nazo tumezikosa.

Hayo ni manung'uniko ya mtu aliyekipenda kitabu kabla ya kuiona picha. Asiyekisoma huenda akatosheka, na pengine baadaye akakitafuta. Filamu yenyewe ilionyeshwa Ngome Kongwe katika tamasha la filamu la Zanzibar la mwaka 2022, na mwaka huo huo Tanzania ikaipeleka Marekani kuwania tunzo za Oscar. Kutoka riwaya kutoka hadi filamu kutoka ilipita miaka 22.

Kwa Profesa Gurnah muda ulikuwa mrefu zaidi. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994 na kufika katika orodha ya mwisho ya Tunzo ya Booker ya Uingereza mwaka ule ule. Tafsiri yake ya Kiswahili, kwa jina la Peponi, iliyofanywa na Dakta Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, ilitoka mwaka 2022. Ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kilipotoka angeweza kuwa na watoto wake skuli kabla hajakisoma kwa lugha ya mama yake.

Na kitabu chenyewe kina haki ya kusomwa kwa lugha hii. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anachukuliwa kwao na tajiri anayemwita ami, na hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Neno hilo, rehani, kwetu si geni. Mzee yeyote wa mwambao atakueleza watu waliopotea kwa njia hiyo. Msafara unapokwenda bara, na wapagazi wake, na bidhaa zake, na hongo zinazotozwa njiani, msomaji Mswahili anakuwa hasomi nchi ngeni. Anasikia habari za babu zake. Tumewahi kumsomea mzee mmoja kurasa chache barazani, akatukatiza mara kwa mara ili arekebishe jina la kitu au aongeze kisa chake. Hatufikiri kwamba msomaji wa London anaweza kukisoma kitabu kile kwa namna hiyo, hata awe na elimu gani.

Kuhusu Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, rai yetu ni kwamba ndiyo riwaya yake yenye huruma kubwa kuliko zote. Inahusu askari weusi waliompigania Mjerumani katika vita vya kwanza vya dunia, na wale waliobaki nyumbani wakiwasubiri. Mapenzi ya Hamza na Afiya yameandikwa kwa adabu ambayo waandishi vijana wangefanya vyema kuisoma kabla ya kuandika mapenzi yao. Mwisho wa kitabu, habari za Ilyas zinapofichuka huko Ujerumani, zimekuja kwa kasi mno kwa ladha yetu. Tungependa mwandishi atembee pale alipokimbia.

Kitabu cha Theft, cha mwaka 2025, ndicho cha kwanza alichotoa tangu kupata Nobel. Humo hamna misafara wala Wajerumani. Mna Unguja ya wakati wa utalii na mna Dar es Salaam, na vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar. Badar ni mtumishi wa nyumbani anayesingiziwa wizi, na baadaye anapata kazi hotelini. Wenzetu wengine wanakiona kitabu hiki kuwa chembamba kikilinganishwa na vilivyotangulia. Sisi hatukubaliani nao. Kuandika juu ya msafara wa mwaka 1900 kunahitaji elimu. Kuandika juu ya kijana anayebeba mabegi ya wageni, akaona yote na asiulizwe chochote, kunahitaji jicho. Vijana wa namna hiyo wako mamia katika hoteli za Nungwi, Paje na Mji Mkongwe. Kitabu kinachowahusu kimeandikwa kwa Kiingereza, na anayekisoma kando ya bwawa la kuogelea ni mgeni, naye Badar amesimama nyuma yake ameshika taulo.

Hata historia ya mapenzi yetu ya sinema imeandikwa hivyo hivyo. Mwanahistoria wa Kimarekani, Laura Fair, alitoa mwaka 2018 kitabu kikubwa kuhusu watazamaji na wenye majumba ya sinema wa miji ya Tanzania. Humo utawakuta watu wa Unguja wakisukumana mlangoni kwa ajili ya Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951, na jinsi jioni ya Jumapili ilivyokuwa siku ya kuvaa na kuonekana. Ni kitabu kilichofanyiwa kazi kwa heshima, nasi tunakisifu. Lakini bibi zetu waliohojiwa hawawezi kukisoma.

Tunakuja kwenye televisheni, na hapa tutasema machache, kwani ya kusifu si mengi. Visiwa hivi vilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Wazee wanakumbuka watu walivyokusanyika mbele ya televisheni za pamoja, watoto mbele, wakubwa nyuma. Leo kila nyumba ina yake, na kinachotazamwa zaidi ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, pamoja na zile za Bara kama Huba na Jua Kali. Hatuzibezi hata kidogo. Zile za Kituruki zinajua kumfunga mtu kwenye kiti, na Kiswahili chake mara nyingi ni fasaha. Tatizo ni kwamba wapo wenzetu wanaozijua fitina za nyumba ya Sultan Suleiman kuliko habari za Beit al Ajaib, iliyoporomoka upande mmoja Disemba 2020.

Je, visa vyetu vimekwisha? Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ina kila kitu ambacho Waturuki wangekitafuta: urithi, rangi, baba katili na binti asiyekubali. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, pamoja na Maimuna wake aliyefungiwa ndani na Bwana Maksuudi, ingejaza jioni za mwezi mzima. Tena yuko Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na Najum akimfuata nyuma bila ya kuelewa kitu. Kumtengenezea Bwana Msa tamthilia hakuhitaji majumba ya kifalme wala farasi. Kunahitaji nyumba moja ya zamani, shamba la mikarafuu, kisima, na mwigizaji anayejua kunyamaza. Fedha zinazotumika kununua tamthilia za nje tunaamini zingeweza kupunguzwa kidogo kwa ajili hiyo.

Wahusika Serikalini watatuambia, na wana haki ya kutuambia, kwamba hakuna mahali pa kuonyeshea. Ni kweli. Empire ya Darajani imegeuka duka. Cine Afrique ya Malindi, iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa jina la Sultana, haionyeshi tena. Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jumba la mwanzo kuungua, imekaa miaka mingi bila ya maonyesho ya kila jioni. Tumefurahishwa na juhudi za kuitengeneza. Tunaomba jambo moja tu kabla ya mafundi kupaka rangi: bei ya kiti isipangwe kwa mfuko wa mtalii. Jumba lililojaa watu wa Kikwajuni na Michenzani litakuwa sinema. Lililojaa wageni peke yao litakuwa makumbusho.

Lakini hapana haja ya kulisubiri. Maktaba Kuu ya Maisara na maktaba ya Chake Chake zinunuliwe nakala za kutosha za Peponi, ziwe za kuazimwa badala ya kufungiwa kabatini. Redio isome riwaya kwa sehemu, kila usiku, kwani msikilizaji wa Makunduchi na wa Micheweni haombwi nauli. Na Baraza la Sanaa lizungumze na wenye filamu ya Vuta N'kuvute ili ionyeshwe katika viwanja vya skuli, mkoa kwa mkoa. Tamasha la filamu limewahi kupeleka maonyesho vijijini, na watu walikuja.

Pemba ianze safari hii. Wete na Chake Chake zilikuwa na sinema zao zamani, na watu wazima wa huko bado wanaweza kukuonyesha mahali zilipokuwa. Mashine ya kuonyeshea, shuka kubwa jeupe na jenereta vinaenea katika gari moja dogo, na gari hilo linapanda katika meli ya kawaida ya Mkoani.