Meno ya Mbele: Biashara ya Krenki Huko Busasamana

Viazi vya Busasamana vinaposhuka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, kwa baiskeli, dereva anawaza breki tu. Kazi ni kurudi. Sekta hii ya wilaya ya Rubavu, Rwanda, iko kwenye udongo wa volkano, mpaka wa Kabuhanga wa kuingilia Kongo ukiwa humohumo, na njia ya kutoka ziwani ni ya kupanda.

Baiskeli ya mizigo ni ile ya gia moja kutoka India au China, kwa kawaida meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la inchi 28 linasonga zaidi ya mita 5. Mlimani mwenye mzigo hana budi kushuka na kusukuma. Lakini kwa muuza spea hakuna baiskeli nzuri kuliko hii. Krenki ya kiwanda kimoja huingia kwenye ekseli ya kingine, na tofauti ya kotapini, ile pini inayobana krenki kwenye ekseli, iwe ya milimita 9 au 9.5, fundi huimaliza kwa tupa. Sproketi ya mbele imepigwa ribiti kwenye krenki ya kulia, hivyo kupunguza meno ya mbele ni kununua krenki nzima. Fundi mjanja haigusi. Anafunga friwili ya meno 22 nyuma, anaongeza mnyororo kidogo, na mzunguko mmoja wa pedeli unabaki mita 4.4.

Baiskeli za milima zina hesabu nyingine. Wateja wake wapo: njia ya Kongo-Nili ya kilomita 227 inaanzia Rubavu, Tour du Rwanda hufika mjini Gisenyi, na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo Afrika, yaliwapa vijana hamu ya gia nyingi. Wengi wao wataanza na mtumba, na mtumba huja na vipimo vya kila mwaka na kila kiwanda.

Kabla ya kulipia sproketi, hesabu boliti na upime duara lake. Krenki nyingi za sproketi tatu zina boliti nne: duara la milimita 104 kwa sproketi ya nje na ya kati, na 64 kwa ile ndogo ya ndani. Kwenye duara la 104 usitafute meno chini ya 30, hayana nafasi; kwenye 64 meno 22 hukaa vizuri, na hayo ndiyo ya mlima. Baadaye Shimano ilileta duara la 96 ambalo boliti zake hazipo kwa umbali sawa, nayo SRAM ikafunga sproketi moja kwa moja kwenye krenki bila mikono ya boliti. Wahandisi wana sababu zao, ila naona pia faida ya kumfunga mteja kwenye duka moja.

Ekseli nayo ina mambo. Ya pembe nne, ya milimita 24 na ya 28.99 haziazimani krenki. Hata ikiingia, angalia mstari wa mnyororo: sproketi ya krenki ya fremu pana za kisasa hukaa milimita 52 hadi 55 kutoka katikati ya fremu, na kwenye fremu ya zamani mnyororo hukimbia mshazari, ukila meno ya nyuma upesi.

Duka dogo la Rubavu haliwezi kuweka kila aina. Pesa italala kwenye rafu. Ningekuwa mimi, ningenunua ekseli za pembe nne, sproketi za 104 na 64 pamoja na minyororo ya gia 8, na kumwambia mwenye krenki ya kisasa aagize Kigali. Ningeongeza pula, kifaa cha kuchomolea krenki, ya nyuzi za milimita 22. Bila pula hiyo fundi hupiga nyundo, nyuzi za krenki huharibika, na mteja aliyekuja kununua sproketi moja anaondoka na deni la krenki mbili.